Kituo Kinachosafiri: Kulisoma Umbo la Rolata

Mkongojo umepewa jina na mwendo wa mwenye nao: anayekongoja anajikokota, na fimbo inamtangaza. Rolata, kigari cha kutembelea chenye magurudumu manne, kina habari nyingine ya kusema juu ya mzee. Nakisoma kama ninavyosoma shairi, kwa umbo lake.

Aliyekibuni mwaka 1978 ni Aina Wifalk wa Sweden. Polio ilimpata akiwa na miaka 21, kwa hiyo alikuwa ameishi na miguu dhaifu karibu miaka thelathini. Fremu isiyo na magurudumu ina mizani ya kukatikakatika: inua, weka, piga hatua; inua, weka, piga hatua. Kila mshororo unaanza upya, na mikono ndiyo inayochoka. Magurudumu yalifuta ile "inua", mwendo ukatiririka. Na kwa kuwa kinachotiririka huponyoka, breki zimewekwa viganjani: ukizibana, kigari kinapunguza kasi, ukizisukuma chini, kinajifunga.

Lakini uzuri wenyewe, kwangu, uko kwenye kiti. Katika ubeti, kituo hungoja mwisho. Hapa kituo kinakwenda na msafiri. Shangazi yangu alikuwa ameacha kwenda sokoni; miguu ilikuwa bado inamwitikia, ila njiani hapakuwa na pa kukaa. Mwanawe alipomletea rolata, siku ya kwanza tulifika naye kwenye mwembe. Akafunga breki zote mbili, akakitikisa kigari kuhakikisha kimetulia, akageuka taratibu, akaketi. Kiti kimewekwa hivyo kwamba anayepumzika huelekea alikotoka. Aliitazama ile njia yote aliyoimaliza, akatabasamu.

Dosari ipo, wala si ndogo. Umbo hili lilitungiwa lami na sakafu. Magurudumu ya mbele ya kigari chetu ni membamba. Yakikanyaga mchanga yanazama, na ile "inua" iliyofutwa inarudi, safari hii ikiwa na uzito wa kiti, kikapu na breki. Viko vya magurudumu makubwa na mapana, navyo ndivyo vinavyotufaa huku mitaani. Kati ya mlango wa shangazi na barabara pana kipande cha mchanga cha hatua ishirini hivi. Mjukuu hukibeba kigari, bibi akifuata kwa kushika ukuta. Wakifika kwenye lami, kijana anakiweka chini, na bibi anafunga breki kwanza, ndipo anamwambia, "Haya, niachie."