Ndoto ina namba, na namba ina mwenyewe



Kila tukizungumzia ramli tunaishia palepale: kweli au uongo? Leo naomba tuulize swali jingine: nani kapanga namba, na nani anabaki na fedha?

Tuchukue Alexandra, hapa Johannesburg, mtaa ulioanzishwa 1912 na ambao leo unatazamana na maghorofa ya Sandton. Humo, kama katika mitaa mingine ya Waafrika, kuna fafi, kamari isiyo na leseni yenye asili ya Kichina. Namba ni 36, na kila moja ina picha yake: 1 mfalme, 2 kima, 3 maji ya bahari, 4 maiti. Ukiota bahari, asubuhi unaweka randi zako kwenye 3. Mama wa watu haoni kama anacheza kamari. Anaona ameitii ndoto.

Haya, tupige hesabu. Kwa kawaida mshindi hulipwa mara 28. Weka randi moja kwenye kila namba: umetoa 36, umepata 28. Nane zimekwenda, uwe umeota au hukulala kabisa. Na namba ya siku huchaguliwa na mwenye mchezo mwenyewe. Wahenga walisema mganga hajigangi. Huyu naye hana haja ya kuota.

Lakini tusiwacheke watu wa Alex. Kwetu pwani mpiga falaki hujumlisha herufi za jina lako na la mama yako kwa abjadi, akagawa kwa 12. Kinachobaki ndiyo nyota yako. Siku hizi wapo wanaotumia herufi za Kizungu: A ni 1 mpaka I ni 9, kisha wanaanza upya. Jaribuni wenyewe. Maryam ni 26, yaani 8. Mariam ni 28, yaani 10, yaani 1. Mtu ni yuleyule! Na wangapi kati yetu huku ughaibuni majina yetu yaliandikwa na karani wa pasipoti alivyoyasikia? Ina maana karani ndiye aliyetuandikia majaliwa?

Mtaniambia ramli inatuliza moyo. Sawa, sikatai, maisha ni magumu. Ila faraja inayouzwa iulizwe bei, hasa pale mnunuzi anapotoa fedha ya unga.

Na jambo hili linatuhusu. Tazameni vikaratasi vya waganga vinavyobandikwa kwenye nguzo za jiji hili: wengine hujinadi kwamba wametoka Zanzibar, Tanzania au Uganda. Jina la kwetu limekuwa nembo ya biashara. Sisi tuliosoma tunajua abjadi ni utaratibu wa kuzipa herufi thamani ya namba, basi. Tukinyamaza kwa kuogopa kuitwa wasomi wenye kiburi, nani atamwambia yule mama?

Nawasilisha.