Kilio cha Udongo: Masanamu ya Niccolò dell'Arca kule Bologna

Ndugu mmoja wa seminari alituuliza kama inafaa Wakristu wetu walie kwa sauti kubwa mbele ya maiti, akina mama wakijitupa chini, ama kama ni desturi ya kipagani tunayopashwa kuizuia. Hatutamjibu kwa kitabu cha maadili. Tunampeleka Bologna, mji wa Italia, katika kanisa la Santa Maria della Vita, penye masanamu saba ya udongo wa kuchomwa, makubwa kama watu.

Aliyeyafinyanga ni Niccolò dell'Arca, aliyefariki mwaka 1494. Juu ya mwaka wa kazi yenyewe wataalamu hawapatani: wengine husema 1463, wengine huusogeza mpaka karibu 1490. Bwana Yezu amelazwa, amekufa. Mama Maria amefumbata mikono, ameinama kwa kilio. Yoane anashika kidevu, anajizuia. Mwanamke mmoja anajifinya mapaja. Mwingine ananyosha viganja mbele, kama mtu asiyetaka kuona. Magdalena anakuja mbio, nguo zinapeperuka nyuma yake, kinywa wazi. Aliyekwisha kulala matangani usiku mmoja anaisikia sauti hiyo.

Watu husema fundi alishikwa na uchungu, akaumwaga wote katika udongo. Sisi hatukubali upesi hivyo. Sanamu kubwa namna ile haichomwi ikiwa imejaa ndani: inapashwa kuachiwa uwazi, tena ikauke polepole, ama sivyo itapasuka motoni. Mama zetu wafinyanzi wanajua jambo hilo kuliko sisi tuliosoma. Kwa hiyo mbio za Magdalena, zinazoonekana kuwa za nukta moja, zimefanywa kwa saburi ya siku nyingi. Mtu hadumu hivyo katika kazi ya jambo asilolisadiki. Niccolò alisadiki kwamba Yezu alikufa kweli, si kwa mfano, na kwamba waliompenda walilia kama watu wanavyolia.

Mtaalimungu atatukumbusha Mtume Paulo, aliyewakataza Watesalonike kuhuzunika kama watu wasio na tumaini. Ndiyo, lakini Paulo hakuwakataza kuhuzunika. Na Yezu mwenyewe, karibu na kaburi la Lazaro, alitoa machozi, akijua vema atakalotenda baada ya kitambo kidogo. Tukumbuke vilevile kwamba kanisa lile lilikuwa la chama cha Wakristu waliotunza hospitali iliyokuwa kando yake. Wagonjwa na jamaa zao hawakupewa sanamu ya kuwaambia wanyamaze.

Kosa lipo, tunaliona. Magdalena anavuta macho yote, hata mtu aweza kutoka nje bila kumtazama vizuri Marehemu, ambaye uso wake mtulivu ndio wenye kuhubiri zaidi. Rangi za zamani nazo zimefifia, udongo unaonekana. Hapo sisi hatusikitiki sana.

Tuna sababu ya kuandika haya. Katika seminari moja, ambayo hatutaitaja, kijana alifinyanga Mama Maria chini ya msalaba, mikono kichwani, kinywa wazi, kama mama wa kwetu aliyefiwa. Mwalimu mmoja alisema Bikira hapigi yowe, akamwonyesha sanamu ya jasi iliyonunuliwa Ulaya, yenye chozi moja safi shavuni. Injili ya Yoane inasema kwamba alisimama pale; juu ya yowe haisemi ndiyo wala hapana. Yule kijana aliambiwa aivunje sanamu kabla ya kuichoma, akaivunja, akaurudisha udongo katika shimo. Sisi tulikuwapo, tukanyamaza. Siku hizi yeye ni padri mwema, mwenye parokia kubwa, na tulipomwonyesha picha ya masanamu ya Bologna aliitazama muda mrefu, akauliza tanuru lao lilikuwa la ukubwa gani.