Tazama Mikono Kabla ya Sahani

Chakula kupendeza kwenye filamu si sifa. Tangazo lolote la biashara hulimudu hilo, na wapiga picha wa matangazo wana hila zao za siku nyingi: viazi vilivyopondwa husimama mahali pa aiskrimu ili isiyeyuke kwenye taa kali, na gundi nyeupe humiminwa mahali pa maziwa. Anayetaka kuipima filamu ya mapishi aiache sahani kwanza, aanze na mikono ya mpishi.

Filamu dhaifu ina ada yake. Tunaona uso wa mwigizaji maarufu akitabasamu juu ya sufuria. Picha inakatwa, vinaonekana vidole vya mtu mwingine vikikatakata kitunguu. Inakatwa tena, na kitunguu kimeshakuwa cha kahawia. Aliyewahi kuunga mchuzi hapo huguna. Kitunguu kwanza hulainika, kikang'aa, kikaanza kunukia, ndipo kigeuke rangi. Simtaki mwongozaji atuweke jikoni hatua zote hizo. Namtaka aniaminishe kwamba kuna mtu aliyesimama pale akizingoja.

Kukata picha kwenyewe si kosa. Mwanzo wa *Eat Drink Man Woman* ya Ang Lee, ya mwaka 1994, umekatwa vipande vingi sana. Mzee Chu, mpishi mkuu wa Taipei, anaandaa chakula cha Jumapili cha binti zake watatu. Kwa dakika kadhaa hatuelezwi lolote: samaki hai anatolewa majini, kisu kinapita, bata anapulizwa hewa ngozi iachane na nyama, mvuke unapanda. Lakini kila picha mpya inaleta kazi mpya. Hakuna inayokuja kuficha uzembe wa ile iliyotangulia. Ndiyo tofauti ya kuitafuta: je, picha imekatwa kwa sababu kazi imeendelea mbele, au kwa sababu mwigizaji hajui kushika kisu? Baadaye tunafahamu kwamba mzee huyu amepoteza uwezo wa kuonja na rafiki yake ndiye anayemwonjea, na ustadi wote ule tuliousifu unageuka kuwa huzuni. Filamu ya kawaida ingetuambia hilo mapema ili tumhurumie. Ang Lee alitaka kwanza tumheshimu.

Kipimo kigumu zaidi ni pale kamera inapokataa kukata kabisa. Katika *Big Night* ya 1996, iliyoongozwa na Stanley Tucci na Campbell Scott, ndugu wawili Waitaliano wana mkahawa unaokufa huko New Jersey, miaka ya 1950. Primo anapika na hataki kuipunguza hadhi ya chakula chake. Secondo anataka wateja. Kuna mteja anayeagiza risoto kisha akadai na tambi pembeni, na Primo karibu apasuke kwa hasira. (Kwetu, ambako wali na chapati hukaa sahani moja bila kugombana, mteja yule angepata watetezi.) Baada ya karamu kubwa iliyowafilisi na ugomvi uliowavunja moyo, asubuhi inafika. Secondo anavunja mayai, anayapiga kwa uma, anamimina kwenye kikaango. Kamera imesimama mbali, haisogei kumtafuta usoni. Hakuna muziki, na maneno ni machache mno. Yai linaiva kwa muda wake halisi. Anagawa, anakula, na ametenga fungu. Ndugu yake anapoingia, fungu lile linawekwa mbele yake. Karamu yenyewe ina pishi la kifahari la tambi lililofunikwa kwa unga na kuokwa zima, nalo linavutia kweli, lakini mimi ningelitoa lote kwa yale mayai.

Halafu sikiliza. Muziki mzito juu ya sufuria mara nyingi ni dalili kwamba mwongozaji haamini jiko lake. Tran Anh Hung, aliyepata tuzo ya mwongozaji bora Cannes mwaka 2023 kwa *The Taste of Things*, anafungua filamu kwa zaidi ya nusu saa ya kupika na kula, na karibu filamu nzima haina muziki: ni chuma juu ya jiko, siagi inayochemka, nyayo, kijiko. Hata katuni inaweza kulijua hili. Katika *Ratatouille* ya 2007, Colette anamfundisha kijana Linguini kwamba mkate mzuri hutambulika kwa mlio wa ganda lake. Mpishi wa mahamri anayeyajua mafuta kwa namna yanavyolia punje ya unga ikidondoshwa hatahitaji kufafanuliwa.

Baada ya mpishi, mlaji. Wengi hukosea hapa: mtu anatia kijiko mdomoni, anafumba macho, anaguna. Mimi hutazama chombo kinachorudi. Katika *Tampopo* ya Juzo Itami, ya mwaka 1985, mjane anayejifunza kupika ramen anajua amefaulu pale wanaume walioketi mbele yake wanapoinua mabakuli na kumaliza supu yote. *The Lunchbox* ya Ritesh Batra, ya 2013, inakwenda mbali zaidi: mke huko Mumbai anafungua bakuli zilizorudi tupu kabisa, na kutokana na utupu huo hadithi nzima inaanza, kwa sababu aliyekula hakuwa mumewe.

Swali langu la mwisho ni gharama: nani amelipa? *Babette's Feast* ya Gabriel Axel, ya 1987, inalijibu vizuri kuliko zote. Hadithi ni ya Karen Blixen, yule Mdenishi aliyeishi Kenya kati ya 1914 na 1931, akiwa na shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong. Babette, mkimbizi kutoka Paris, anashinda faranga 10,000 kwenye bahati nasibu na kuzimaliza zote kwa mlo mmoja wa watu kumi na wawili, wengi wao wakiwa wacha Mungu walioapa kutozungumzia chakula hicho. Yeye haketi nao. Yumo jikoni, kati ya sufuria.

Kwa kipimo hicho *Chef* ya Jon Favreau, ya 2014, inapata nusu alama. Mikono ni ya kweli, kwa kuwa Favreau, anayeigiza mpishi mwenyewe, alifunzwa na mpishi Roy Choi, na mkate wa jibini anaomkaangia mwanawe ni miongoni mwa vitu vitamu zaidi katika filamu za Marekani. Tena mtoto anasuguishwa gari chafu la kupikia, jambo adimu, kwani kwenye filamu nyingi vyombo hujiosha. Lakini mwishowe mhakiki aliyemponda mpishi ndiye anayemfungulia mkahawa, mke aliyeachana naye anarudi, na hakuna aliyelipa chochote. Sehemu ya ule mkate nairudia mara kwa mara. Mwisho wa filamu huwa nauzima.