Kistari Kabla ya Sifuri

Mtu akiandika -0 kwenye kisanduku cha fomu kinachotaka namba kamili, ukaguzi wa kawaida hauna neno naye. Iko chini ya sifuri? JavaScript inajibu hapana. Ni namba kamili? Number.isInteger inasema ndiyo. Ni sawa na 0? Ndiyo tena. Basi inapita, na kistari chake kimo ndani, kwenye biti moja ya alama kati ya biti 64.

Biti hiyo ina wenyewe. Kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985, ambacho William Kahan alikuwa mstari wa mbele kukiunda, kiliibakiza makusudi, ili namba hasi iliyosinyaa mpaka ikaisha isisahau ilitoka upande gani. Gawanya 1 kwa sifuri hiyo, utapata hasi isiyo na kikomo. Kwa wanahisabati ni hazina. Kwa anayepokea idadi ya magunia ya mahindi, ni uchafu tu.

Wapo mafundi wanaoizuia mlangoni kwa ruwaza hii:

^(0|-?[1-9][0-9]*)$

Itazame taratibu. Sifuri imepewa njia yake, haina kistari. Kistari kinaruhusiwa, ila lazima kifuatwe na tarakimu ya 1 hadi 9. Hapo -0 inakwama, na 007 nayo inakwama, bila sharti jingine lolote. Kazi safi kabisa, ingawa kwangu ni kali mno: aliyeandika -0 alimaanisha sifuri, kosa lake liko wapi? Tena ruwaza hukagua maandishi tu. JSON.parse ikisoma -0 inakukabidhi namba, kistari na vyote.

Namhusudu zaidi yule anayeipokea, kisha akaandika n + 0. Mpita njia ataona upuuzi, atake kuifuta. Lakini -0 ikijumlishwa na 0 huwa 0 ya kawaida, na namba nyingine zote hubaki zilivyo. Fundi huyo huiwekea jaribio la Object.is, maana === haioni tofauti; atakayeifuta, jaribio litamuumbua palepale. Na anajua pa kuiweka: baada ya maandishi kugeuzwa namba, kwani mapema zaidi "-0" + 0 ingezaa "-00", na baada ya kukadiria desimali, kwa sababu Math.round(-0.4) nayo hutoa -0.