Tulihangaika na programu, makaratasi tukayaacha

Wandugu, tangu 2018 tungali tunarudilia jina lile lile: "machine à voler", mashini ya kuiba. Mutu alibadilisha herufi moja tu kwenye "machine à voter" na inchi nzima ikacheka. Jina tamu kweli, lakini mi naona njo lilitupoteza njia.

CENI ilinunua mashini zaidi ya 100,000 kwa Miru Systems ya Korea ya Kusini. Sheria ilikuwa inakataza kura ya kielektroniki, kwa hiyo ikajibu kwamba kile ni chombo cha kuchapa tu: unagusa picha, karatasi inatoka, unaitia ndani ya sanduku. Westminster Foundation for Democracy ya Uingereza ikaitwa kuitazama. Sawa. Lakini programu iliyokaguliwa miezi kabla si lazima iwe ile iliyowaka ndani ya darasa fulani la Katoyi tarehe 30 Desemba. Kuna alama ya kulinganisha, namba inayotoka kwa programu nzima. Gusa herufi moja, namba inageuka yote. Nani angeipima kwa mashini 100,000? Na ukiiomba mashini yenyewe ijipime, ni kumuuliza mwizi kama aliiba.

Mwaka 2006 Ron Rivest na John Wack walishaweka kipimo kizuri zaidi: kosa la programu lisiloonekana lisiweze kugeuza matokeo bila kuonekana. Kwa maneno mengine, uwe na karatasi, na uihesabu. Sisi karatasi tulikuwa nayo! Fayulu aliomba kura zihesabiwe tena kwa mkono, Korti ya Katiba ikakataa Januari 2019. CENCO, yenye waangalizi 40,000, ilisema hesabu yake hailingani na ile ya CENI. Na PV za biro moja moja CENI haikuzitangaza. Hapo njo kulikuwa kwa kupigia kelele, kuliko kutafuta virusi ndani ya mashini.

Tena sisi wa Kivu ya Kaskazini tusijisahau. Beni na Butembo hakuna mashini ya CENI iliyowaka siku ile. Ebola na usalama, walisema. Watu wa Beni wakajipangia kura yao wenyewe, wakapanga mistari na kunawa mikono, lakini ile haikuhesabiwa. Ya CENI ikaja Machi 2019, rais akiwa amekwisha kuapa. Ukaguzi gani wa programu ungeona hiyo?

2023 ndiyo ilinichekesha kwa uchungu. Januari 2024 CENI yenyewe ikafuta kura za wagombea 82, na kati ya makosa iliyotaja ni kushika mashini bila haki. Programu inaweza kuwa safi kama maji ya mvua. Kama mashini inalala nyumbani kwa mgombea, ukague nini?

Basi ninyi wa informatika mnaotafuta mada ya TFC, usalama wa programu umeandikwa sana. Andikeni juu ya sanduku na PV: nani anavibeba usiku, kwa gari gani, nani anasaini wakati wa kuvipokea.