Hekima ya Nahodha

Hekima ya kiongozi wa biashara hudhihirika zaidi mbele ya mambo asiyoweza kuyaamuru kuliko katika yale yaliyo chini ya mamlaka yake, na katika Bahari ya Hindi ni kazi chache zilizoipima hekima hiyo kama unahodha. Neno nahodha limetoka katika Kiajemi, na maana yake ya asili ni bwana wa chombo. Lakini katika biashara ya majahazi bwana huyo alikuwa pia mfanyabiashara na mwamuzi, aliyeongoza safari, akapatana bei za shehena na kusuluhisha ugomvi wa mabaharia.

Juu ya bwana huyo ulikuwapo upepo. Kaskazi, uvumao takriban kuanzia Desemba hadi Machi, uliyaleta majahazi ya Uarabuni na Ghuba hadi Lamu, Mombasa na Unguja yakiwa na tende, chumvi na samaki wakavu. Kusi, uanzao Aprili, uliyarudisha yakiwa na boriti, yaani miti ya mikoko ya delta ya Rufiji iliyobeba dari za nyumba za huko. Kwa kuwa kusi huwa mkali mno mwezi Juni na Julai, nahodha aliyekawia bandarini akisubiri bei ipande aliweza kupata faida ya siku chache na kupoteza msimu, na hapo ndipo ufundi wake ulipopimwa: kujua ni faida ipi ya kuiacha ili safari isipotee.

Ufundi huo ulihitaji kuaminiwa. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri kati ya mwaka 1938 na 1939 katika jahazi la Kuwait, alieleza kwamba mabaharia hawakupokea mshahara bali fungu, yaani sehemu ya mapato ya safari baada ya gharama kuondolewa. Utaratibu huo haukuwa wa haki kamili, kwani mabaharia wengi walifungwa na madeni kwa nahodha, naye kwa matajiri. Hata hivyo, hasara ya shehena ilimgusa kila aliyekuwamo chomboni.

Methali isemayo nahodha wengi, chombo huenda mrama, husifu uamuzi wa mtu mmoja bila kueleza mtu huyo awe nani. Majahazi yanajibu: awe yule auheshimuye upepo asioumiliki, na ambaye riziki yake hutoka katika pato lile lile linalowalisha waliotweka tanga.