Mark II yenye turbo Dodoma: difu ipi itahimili?

Dodoma mjini ni mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa takriban asilimia 12 kuliko ya Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo huonja tofauti hiyo mara moja. 1G-FE ya VVT-i, ambayo kwenye karatasi za Toyota ina farasi 160 na nguvu ya msokoto ya Nm 200, ikipanda huku inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Ndiyo maana difu ya Mark II ya kawaida, GX100 au GX110, huzeekea hapa bila kulia. Haijawahi kupewa kazi ya kuitesa.

Ing'oe injini hiyo, funga 1JZ-GTE yenye turbo, na habari inageuka. Turbo hujaziliza hewa iliyopungua, kwa hiyo mwinuko hauipunguzii injini kiasi hicho. Zile farasi 280 zinakaribia kubaki zote, na ule msokoto wa Nm 378, unaopatikana mapema tu kwenye mizunguko 2,400, unafika nyuma karibu kama ulivyo. Msokoto unakaribia maradufu ya ule wa zamani. Mwenye gari ameshamaliza akiba kwenye injini na gia boksi, basi difu inabaki ileile.

Toyota wenyewe hawakufanya hivyo. Mark II ya mwaka 1996 ilitoka na bodi moja kwa injini tofauti, lakini Tourer V, yaani ile ya turbo, ilipewa difu yenye krauni kubwa zaidi, ya milimita 200, na baadhi zilitoka kiwandani na LSD, yaani difu inayozuia gurudumu moja kuteleza peke yake, ya aina ya Torsen. Wahandisi waliona haja ya kuongeza chuma kwa farasi 280 tu. Anayetaka 350 au 400 aanzie pale kiwanda kilipoishia.

Hata hivyo, idadi ya farasi peke yake haielezi difu inavyokufa. Tupige hesabu. Gia boksi ya R154 ina gia ya kwanza ya 3.25, zidisha kwa Nm 378, kisha kwa difu ya 4.1, unapata zaidi ya Nm 5,000 kwenye krauni. Lakini gari la kilo 1,400, hata uzito ukirudi nyuma wakati wa kuondoka, matairi yake kwenye lami kavu hushika kwa Nm 2,200 hivi, kisha huteleza. Tairi ndiyo fyuzi ya difu. Mzigo wa kawaida hauwezi kupita pale tairi inapokubali.

Kinachopita ni mshtuko. Na Dodoma ni mji wa mishtuko, kwa sababu lami yake imepakana na mchanga. Unatoka kando ya barabara pale Nkuhungu au Kisasa, gurudumu moja liko kwenye mchanga, jingine kwenye lami. Ukikanyaga mafuta, difu ya kawaida inapeleka mzunguko wote kwa lile lililo kwenye mchanga. Linazunguka ovyo, gia ndogo za katikati zinakwenda kasi zisiyoizoea, halafu gurudumu linafika kwenye lami na kusimamishwa ghafla. Nguvu iliyokuwa kwenye propela, gia boksi na flaiwili inamwagika yote kwenye meno mawili matatu ya pinioni. Hapo hakuna fyuzi.

Kwa hiyo LSD kwenye gari la aina hii ni kinga ya meno kabla ya kuwa kitu cha mbwembwe. Torsen ni nzuri na haihitaji matunzo mengi, ila gurudumu moja likikosa mshiko kabisa, lile la pili nalo hupewa kidogo sana. Kwa mchanga wetu ningechagua ya bamba, hasa iliyokazwa mapema na springi, huku nikikubali kwamba mabamba huisha na yanataka oili yake maalumu. Kuchomelea difu ndiyo njia ya bei rahisi ambayo vijana wa kuserereka wanaipenda. Kwa mji wenye vipilefti vingi kama huu ni ukatili: kila unapokizunguka, tairi la ndani linaburuzwa na shafti zinakunjwa. Aichomelee mwenye gari la uwanjani.

Sehemu inayopuuzwa kuliko zote ni uwiano. Wengi hukimbilia 4.3 ili gari liruke. Krauni ya meno 41 ikikutana na pinioni ya meno 10 unapata 4.1, pinioni ikiwa na meno 11 unapata 3.7. Kwa krauni ya ukubwa uleule, pinioni yenye meno mengi ni nene zaidi, na meno mengi zaidi hushikana kwa pamoja. Ni imara kwa maumbile yake. Halafu fikiria barabara tulizonazo: kwenda Singida, Iringa kupitia Mtera, au Morogoro, ni saa nzima nzima za mwendo mmoja. Kwa kilomita 100 kwa saa kwenye gia ya tano na tairi za 205/55 R16, difu ya 4.1 inazungusha injini karibu mara 2,600 kwa dakika, ya 3.7 karibu 2,350. Turbo ina msokoto wa kutosha. Haihitaji kusaidiwa na uwiano mkali.

Wapo watakaotaja Ford ya inchi 9, iliyoanza mwaka 1957 na ambayo Wamarekani wanaiapia hadi leo. Sifa zake ni za kweli. Pinioni yake imeshikwa na beringi pande zote mbili, na imeshushwa inchi 2.25 chini ya kitovu cha krauni ili meno yagusane kwa eneo kubwa, ingawa msuguano nao unaongezeka. Lakini ni ya ekseli nzima, wakati Mark II ina magurudumu ya nyuma yanayojitegemea. Ungebadilisha nusu ya gari. Ya Land Cruiser, inchi 9.5, ni imara pia, na nzito vilevile.

Basi tafuta ya Tourer V, na uinunue pamoja na shafti zake na flenji ya propela, kwa sababu za GX haziaminiki kukubaliana nayo. Kabla ya kuifunga, fundi apime nafasi kati ya meno: Toyota wanataka milimita 0.13 hadi 0.18. Apake rangi kwenye krauni, aizungushe, akuonyeshe meno yanagusana wapi. Alama ikikaa ukingoni mwa jino badala ya katikati, usilipe.